Nani Alilipa Vita vya Kagera?

(Hotuba iliyosomwa na mwenezi wa chama mbele ya mkutano wa wanachama, Muheza. Tunaichapa kama ilivyosomwa.)

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu, na ninyi vijana wenzangu mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti.

Naomba radhi kwanza kwa kuwa nimeandika maneno yangu katika daftari. Ni desturi tuliyofundishwa chuoni, kwamba mwalimu asiingie darasani bila maandalio ya somo. Na somo la leo lina hesabu ndani yake, wala sitaki kukosea hesabu mbele ya wazee.

Mwaka 2025, mwezi wa Februari, tulikutana katika ukumbi huu huu. Habari za Goma zilikuwa zimeenea kila mahali. Mji ule wa Kongo ulikuwa umetekwa na M23 mwishoni mwa Januari, na miongoni mwa waliopoteza maisha walikuwamo askari wetu, waliokuwa huko pamoja na wenzao wa nchi za kusini mwa Afrika. Akasimama kijana mmoja, ambaye namheshimu na yumo humu leo, akauliza: "Mwaka 1979 tulikwenda mpaka Kampala. Leo tunaogopa nini?" Ukumbi mzima ulipiga makofi. Nami, Bwana Mwenyekiti, sitaficha, nilipiga makofi kuliko wengi.

Niliporudi nyumbani nilimsimulia babu yangu. Babu alikuwa mgambo. Aliondoka hapa Muheza akiwa kijana wa umri wangu, akarudi na mguu mmoja usiokunjika vizuri. Nilidhani atafurahi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Na mlipokwisha kupiga makofi, mliulizana nani atalipa?" Sikuwa na jibu. Tangu siku ile nimekuwa nikilitafuta, na nililolipata ndilo nimekuja kuwaeleza leo.

Ndugu wanachama, asiwepo mtu wa kutoka humu na kusema kwamba nimevitukana vita vya Kagera. Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, na tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba nchi yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera sasa ni ya Uganda. Daraja la Kyaka likavunjwa. Watu wakauawa mashambani mwao, wanawake wakadhulumiwa, ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu. Hakuna serikali inayostahili jina hilo ambayo ingekaa kimya. Mwalimu Nyerere alipolihutubia taifa na kusema kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo na uwezo tunao, alisema lililokuwa mioyoni mwa watu wote. Wako waliotoa ng'ombe, wako waliotoa mahindi na fedha kidogo walizokuwa nazo, wako waliotoa watoto wao. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na mapema mwezi wa Juni askari wetu walikuwa wamefika mpaka wa Sudani. Hiyo ni sifa ambayo hakuna wa kutuondolea.

Lakini ile ahadi ya uwezo ilikuwa na bei yake. Sasa twende kwenye hesabu.

Gharama ya vita vile imekuwa ikitajwa kuwa dola milioni 500. Wakati ule dola moja ilikuwa shilingi nane na senti kidogo. Kwa hiyo twasema ni zaidi ya shilingi bilioni nne za wakati ule, shilingi ambayo ilikuwa na uzito mfukoni, si hii ya sasa. Hesabu ya watu ya mwaka 1978 ilituonyesha kwamba Watanzania tulikuwa milioni 17 na nusu. Gawanya. Utapata shilingi 230 hivi kwa kila kichwa, na mtoto mchanga mgongoni mwa mama yake naye amehesabiwa. Nyumba ya watu sita ni karibu shilingi 1,400. Kima cha chini cha mshahara mjini kilikuwa shilingi 380 kwa mwezi. Maana yake ni kwamba mtumishi wa chini, mwenye mke na watoto wanne, alitoa mshahara wake wote wa zaidi ya miezi mitatu na nusu, asibakize hata wa chumvi. Na mkulima asiye na mshahara alitoa nini? Yeye alitoa zaidi, kwa sababu yeye hakuonyeshwa hati yoyote ya madai. Alichukuliwa kidogo kidogo, dukani, zahanatini na shuleni, na wala hakujua kwamba analipa.

Naomba mnifuate hapa, maana ndipo penye kiini chenyewe. Shilingi, serikali inaweza kuichapa. Dola haiwezi. Mafuta ya vifaru, risasi, matairi, vipuri vya malori, vyote vilinunuliwa kwa fedha za kigeni. Na fedha za kigeni za nchi hii zilitoka wapi? Zilitoka kwenye kahawa ya Kagera na Kilimanjaro, pamba ya Mwanza na Shinyanga, korosho za Mtwara, chai ya Usambara huko Amani, na mkonge huu mnaouona mkitoka nje ya mji kuelekea Korogwe au Tanga. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa tani zipatazo 230,000 za katani. Kufika mwaka 1979 ilikuwa imekwisha shuka chini ya tani 100,000, na bei yake haikuwa ile ya zamani, kwa sababu dunia ilikuwa imejifunza kutengeneza kamba za plastiki. Basi ndiyo kusema vita vilikuja kututoza wakati mfuko wetu umekwisha toboka.

Sisi watu wa Muheza tuna ujuzi wa siku nyingi katika mambo haya ya vita. Reli ya Tanga ilifika hapa mwaka 1896, na kwa njia hiyo hiyo vita vya Wadachi na Waingereza vikatufikia, vita ambavyo havikutuhusu hata chembe. Mwaka 1914 walipigana Tanga, mwaka 1916 majeshi yakapita bonde la Pangani na nchi yetu hii, na vijana wa Kiafrika wakashikwa kuwa wapagazi. Waliokufa kwa njaa, kuhara na kuchoka walikuwa makumi ya maelfu. Vita vya pili vilipokuja, Wajapani wakateka Ufilipino na visiwa vya Waholanzi kule Asia mwaka 1942, basi katani yetu ikawa mali, na watu wakalazimishwa kwa amri ya serikali kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Kisha Korea mwaka 1950: bei ya katani ikapanda mno. Mwenye shamba akatajirika. Mkata mkonge akaendelea kukata mkonge. Hapa Muheza tumeviona vita vinavyoleta fedha na vita vinavyochukua fedha, na katika vyote viwili mtu wa chini hakuulizwa.

Sasa turudi mwaka 1979. Vita vilipokwisha, Mwalimu aliwaambia wananchi wajifunge mikanda kwa miezi 18. Nimewauliza wazee wengi wa wilaya hii kama wanaikumbuka miezi hiyo 18, na wote hucheka. Bibi yangu hucheka mpaka akashika mbavu. Ukihesabu kutoka katikati ya mwaka 1979, miezi 18 ilikwisha na mwaka 1980. Lakini mwaka 1981 foleni zilikuwa ndefu zaidi. Mwaka huo huo serikali ikatoa mpango wa kunusuru uchumi, mwaka 1983 Waziri Mkuu Sokoine akaanza kuwasaka walanguzi, na sukari bado ilikuwa ya kutafutwa kama dawa. Bibi anasema walifua nguo kwa majani ya mpapai. Khanga moja walivaa kwa zamu, yeye na dada yake. Anayekwenda msibani ndiye huvaa. Machungwa, ndugu zangu, machungwa yetu haya ya Muheza yalioza chini ya miti, kwa kuwa malori na mabasi ya raia yalikuwa yamechukuliwa kwenda kubeba askari, na mengi hayakurudi, na yaliyorudi hayakuwa na matairi wala vipuri. Mwaka wa kwanza waliona ni heshima kwamba machungwa yameoza kwa ajili ya nchi. Mwaka wa tatu, anasema, heshima ilikuwa imepungua.

Mimi ni mwalimu, kwa hiyo mtanisamehe nikikaa kidogo kwenye shule. Mwezi wa Novemba 1977, mwaka mmoja tu kabla ya vita, nchi hii ilifanya jambo ambalo nchi chache za Afrika zilikuwa zimethubutu: kila mtoto aende shule ya msingi. Walimu walikuwa hawatoshi, wakafundishwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafanya kazi huku wakijifunza. Wakubwa wa mjini waliwadharau, wakawaita walimu wa UPE. Lakini wao ndio waliowafundisha kusoma wazazi wetu. Kazi kubwa kama ile ilihitaji kufuatwa mwaka hadi mwaka, kwa vitabu, chaki, madawati, nyumba za walimu. Badala yake ikafuatwa na vita. Watoto walikuwapo, walimu walikuwapo, vitabu havikuja. Karibu watoto wote walikuwa wameandikishwa mwanzoni mwa miaka ile ya themanini. Kufika mwanzoni mwa miaka ya tisini idadi ilikuwa imeporomoka, na ada ikarudi, mpaka ilipoondolewa tena katika shule za msingi mwaka 2001. Nusu ya upungufu ambao mimi niliukuta darasani nilipoanza kazi, watoto wanne kitabu kimoja, mizizi yake iko huko.

Najua kuna ndugu humu ndani atakayesema: je, yote hayo yaliletwa na vita? Hapana. Nami sitaki mwondoke na uongo wenye kupendeza. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda mwaka 1973 na ikapanda tena mwaka 1979. Ukame wa mwaka 1973 na 1974 ulikuwa umetula. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, ikatubidi tujenge upya shirika la ndege, reli, posta, kila kitu. Na mengine tulijitia sisi wenyewe: mashirika ya umma yaliyoendeshwa ovyo, watu waliohamishwa vijijini kwa nguvu. Vita vilikuwa mzigo wa mwisho juu ya punda aliyekwisha kupinda mgongo. Tena vilifanya ubaya mwingine ambao hautajwi sana: viliwapa wazembe pa kujificha. Meneja aliyeshindwa kuleta sabuni alisema ni vita. Ofisa aliyekula fedha za barabara alisema ni vita. Mwaka 1984 bado walikuwa wakisema ni vita. Wananchi wasipoonyeshwa hesabu ya kweli, kila mwizi atajiandikia hesabu yake.

Na wenzetu je, walitusaidia kulipa? Mwezi wa Julai 1979 wakuu wa nchi huru za Afrika walikutana Monrovia. Waliokuwa wamenyamaza Amin alipoivamia Kagera sasa walipata sauti, wakatulaumu sisi kwa kuvuka mpaka. Libya ilikuwa imempelekea Amin askari na silaha. Sisi tulibaki na deni, na askari wetu wakabaki Uganda mpaka mwaka 1981, wanakula na kuvaa kwa fedha yetu. Tuliondoa adha ya jirani, na bili tukaletewa sisi.

Sisemi kwamba tulikosea kwenda. Kumtoa Amin katika ardhi yetu kulikuwa lazima. Kwenda mpaka Kampala, wenye akili wanabishana hata leo. Mimi nikiulizwa nasema ningekuwapo ningekwenda, kwa kuwa nyoka aliyefukuzwa tu hurudi. Ninalolisema ni hili: mwananchi aliyekuwa tayari kumtoa mwanawe alistahili kuambiwa pia kwamba atatoa sabuni, na dawa, na kitabu cha mdogo wake, tena kwa miaka mingi. Angekubali. Nina hakika angekubali. Lakini angekuwa amekubali kwa macho wazi, na angejua ni nani wa kumwuliza baadaye.

Msidhani huu ni woga wa walimu. Mwaka 1953 Rais Eisenhower wa Marekani, ambaye kabla ya hapo alikuwa jemadari mkuu katika vita vikubwa kuliko vyote, aliwaambia watu wake kwamba ndege moja tu kubwa ya mabomu ni sawa na shule mpya ya matofali katika miji zaidi ya 30. Mwanajeshi ndiye aliyepiga hesabu ile, tena wa nchi tajiri kuliko zote. Kama tajiri huyo aliona haja ya kuhesabu, sisi ambao maji ya Mto Zigi yanashuka kutoka milima yetu ya Amani, yanakwenda bwawa la Mabayani na kunywewa Tanga mjini, huku mama zetu wa Muheza kwa miaka mingi wakinunua maji kwa dumu, sisi tusihesabu?

Tena tumewahi kuona njia nyingine. Mwaka 2012 kulizuka maneno makali baina yetu na Malawi juu ya mpaka katika Ziwa Nyasa. Vijana walitaka vita, na magazeti mengine yaliwachochea. Jambo likapelekwa mbele ya marais wastaafu wa Afrika, wakiongozwa na Bwana Chissano wa Msumbiji. Wako waliolicheka jambo lile kuwa ni maneno matupu, na kweli halikumalizika upesi. Lakini wavuvi wa Kyela na Mbamba Bay waliendelea kuvua, na hakuna lori hata moja la machungwa lililochukuliwa Muheza kwa ajili hiyo. Na hili la Kongo, mnajua lilivyokwenda: wakuu wa Afrika Mashariki na wa kusini mwa Afrika walikutana Dar es Salaam tarehe 8 Februari 2025, na mwezi uliofuata wale wa kusini wakakata shauri kuviondoa vikosi vyao. Kijana aliyeuliza swali aliona ni aibu. Mimi najiuliza, kama tungeingia peke yetu kama mwaka 1979, leo tungekuwa tunasubiri miezi 18 ya namna gani?

Bwana Mwenyekiti, kwa hiyo naleta azimio, nalo limeandikwa na kupewa katibu. Linasema kwamba tawi letu linaiomba Halmashauri ya chama iwatake wabunge wetu, kila litakapozuka shauri la kupeleka askari nje ya mipaka, wasikubali kupiga kura kabla serikali haijasema mbele ya Bunge ni fedha kiasi gani, zinatoka fungu gani, kwa muda gani, na kazi ipi hapa nyumbani itasimama kwa ajili hiyo: maji, barabara, zahanati, itajwe kwa jina. Ikiwa nchi yetu imevamiwa, basi askari watangulie na hesabu ifuate, lakini ifuate.

Azimio lina sehemu ya pili, ambayo haitaki ruhusa ya mtu wa Dar es Salaam. Wako wazee katika wilaya hii waliokwenda Kagera wakiwa mgambo. Wengine hawakurudi. Watoto wetu shuleni wanajua jina la Amin na hawajui majina yao. Nataka kila balozi alete orodha ya kijiji chake kabla ya mkutano ujao: nani alikwenda, nani alirudi, nani yu hai na anaishi vipi. Karatasi ninazo hapa mezani, na kalamu nimenunua mwenyewe.

Najua wako watakaolipinga azimio, na wawili wamekwisha niambia. Wapewe nafasi waseme, hatukuja hapa kuitikia tu. Lakini kabla yao, Bwana Mwenyekiti, yuko mzee mmoja katika mstari wa mbele, amekunja mguu mmoja na kuunyoosha mwingine. Amekataa mara tatu kusema hadharani juu ya mambo haya. Leo asubuhi amekubali. Naomba aletewe kiti.